Habari za Shino na Chura Mwenye Miguu Mifupi

Kriii. Kriii. Kriii.

Hiyo ndiyo sauti iliyoanzisha mambo yote, enyi wasikizi. Haikuwa baragumu wala ngoma ya vita, bali mkwaruzo mdogo gizani, alfajiri ya mwezi wa sita, nyuma ya jiko la nyumba ya tisa katika kitongoji cha Shimotani. Sogeeni basi, mwenye mtoto ampakate, mwenye sufuria motoni aiepue, kwa maana nitawasimulia tendo ambalo majemadari wa kale wangelisikia wangeliinamisha mikuki yao kwa haya: jinsi mwanamke mmoja, kwa kalamu ya wino wa buluu iliyotafunwa mwishoni, alivyoandika mstari mmoja mahali ambapo kwa miaka sitini hakuna binadamu aliyethubutu kuandika hata nukta.

Jina lake Shino, mama wa Nagi, mwenye miaka ishirini na saba na aproni yenye mfuko uliochanika. Alfajiri ile alifumbua macho, akamgusa mumewe begani.

"Takuma. Unasikia?"

"Mlango huo," akajibu Takuma, dereva wa lori, bila kufumbua jicho. "Nitaupaka nta."

Na akaupaka. Akapaka mlango wa jiko, akapaka wa kabati, akapaka wa chooni, na nta ilipobaki akapaka hata mlango wa jirani alipokwenda kurudisha bakuli. Milango ya nyumba ile ikawa laini kiasi kwamba Nagi, mtoto wa miaka mitano aliyetaka maji tu ya kunywa, alisukuma mmoja kwa kidole na mlango ukateleza hadi mwisho wa reli, ukaruka, ukalala sebuleni. Hapo kukawa kimya. Kisha, kutoka nje: kriii.

Ndipo Shino akatwaa tochi, akavaa mabuti ya mvua ya mumewe, akatoka kuelekea mtaro wa udongo ulio kati ya jiko lake na mashamba ya mpunga. Akamulika. Na pale, juu ya tope, alikuwa amekaa yeye mwenyewe, mfalme wa mtaro, mwenye madoa mgongoni na tumbo kama andazi lililoumuka kupita kiasi. Akamtazama Shino. Shino akamtazama. Kisha akaruka, au tuseme alikusudia kuruka, kwani kilichotokea ni kwamba tumbo lilitangulia na miguu ikafuata baadaye, kwa wakati wake.

"Masikini," Shino akanong'ona. "Nani alikukata miguu?"

Siku ya pili akampakia Nagi kwenye baiskeli, wakaenda maktaba ya mjini, wakafunua kitabu cha vyura. Walimkuta ukurasa wa arobaini na moja. Anaitwa daruma, kwa jina la yule mwanasesere mviringo asiye na miguu tunayemweka rafuni kuombea bahati. Kitabu kilisema kwamba wilaya baada ya wilaya ameanza kutoweka, na sababu haikuwa tai wala nyoka. Vyura wengine wakitumbukia kwenye mtaro wa saruji hupanda ukuta wakatoka. Yeye hawezi. Hubaki chini, akijaribu, mpaka jua limkaushe.

Shino alikifunga kitabu, akakiwekea kiganja juu kwa kitambo, kama mtu anayemzuia mtoto asione jambo.

Sasa tegeni sikio vizuri, maana hapa ndipo vita vinapoanza.

Katika Shimotani, kama katika kila kitongoji chetu, kuna ubao wa mzunguko: ubao wa kijani wenye kibanio, unaobeba matangazo ya halmashauri kutoka nyumba hadi nyumba. Ukiletewa unasoma, unapiga muhuri wa jina la ukoo wako katika chumba chako kwenye jedwali la karatasi, unaupeleka nyumba inayofuata kabla jua halijachwa. Kusoma ni hiari. Muhuri ni faradhi. Na chini ya kila karatasi pana kisanduku kilichoandikwa MAONI. Lakini watu wa Shimotani ni watu wa adabu, na mtu mwenye adabu hana maoni. Kwa hiyo kisanduku kile walikuwa wamekipa kazi nyingine tangu enzi na enzi: ndipo mahali pa kujaribia muhuri, kuona kama wino umekolea, kabla ya kuupiga mahali pake.

Ubao ukafika kwa Shino siku ya Jumatatu. Karatasi ya kwanza ilisema kwamba mji wa Mizukoshi unatunga sheria ya kuwalinda viumbe walio hatarini, na kwamba wamependekezwa tisa wa kuandikwa. Karatasi ya pili ilisema kwamba baada ya mavuno mitaro yote itajengwa kwa saruji, isipokuwa mahali anapoishi mmoja wa wale walioandikwa.

Basi Shino akawasoma mashujaa wale tisa, mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa korongo, mwenye mabawa kama mashuka ya harusi. Hakuwa ameonekana Mizukoshi kwa vizazi viwili, lakini picha yake ilikuwa kwenye chupa za pombe ya mchele, na lebo zilikwisha kuchapishwa. Wa pili kimulimuli, mbeba taa, kipenzi cha Bwana Todoroki mwenye hoteli. Wa tatu bundi, kwa sababu timu ya shule ya besiboli ilijiita jina lake. Wa nne kipepeo wa zambarau, wa tano ndege mwenye shingo ya dhahabu, na kuendelea, mzuri nyuma ya mzuri, kama maharusi wanaoingia ukumbini. Akafika wa tisa. Karatasi ikaisha. Mwenye miguu mifupi hakuwemo.

Jua likachwa. Na ubao, enyi wasikizi, ubao ulibaki juu ya meza ya Shino.

Kesho yake, saa moja na nusu asubuhi, akafika Bibi Hirose wa nyumba ya kumi, mwenye masikio yavukayo ua.

"Mama Nagi! Mama Nagi, upo?"

"Nipo, bibi. Karibu ukae."

"Sikai, napita tu." Akakaa. "Nimeona ubao haujanifikia. Nikasema moyoni, labda mama Nagi anaumwa."

"Siumwi, bibi."

"Mtoto anaumwa?"

"Mzima, yuko anacheza."

"Mume?"

"Mzima."

"Haya, sasa nani anaumwa?"

"Hakuna, bibi. Nausoma."

Bibi Hirose akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyesema anakula sabuni.

"Unausoma," akasema taratibu. "Ubao."

"Ndiyo."

"Wote?"

"Wote, bibi. Kuna chura nyuma ya jiko hapa. Hayumo kwenye orodha. Wakijenga mtaro kwa saruji atakufa."

"Yule anayekwaruza? Ebo! Mwanangu, mimi miaka sitini namsikia yule. Nilipoolewa hapa nilidhani ni mama mkwe anasaga meno." Akainuka, akapapasa goti. "Sikiliza nikwambie kama mwanangu. Piga muhuri, niletee. Tangu mwaka jana watu wameanza kukuletea vitunguu mlangoni, si ndiyo?"

"Ndiyo, bibi."

"Haya. Mimi sina la zaidi."

Akaenda zake. Na Shino akabaki amesimama, mkono kwenye mfuko uliochanika, maana alielewa. Hawakuzaliwa Shimotani, yeye na Takuma. Walihamia miaka mitatu iliyopita. Miaka miwili ya mwanzo walisalimiwa. Mwaka wa tatu, asubuhi moja, walikuta vitunguu sita mlangoni, vimefungwa kwa uzi, bila jina. Siku ile Shino alikaa kizingitini akalia kwa furaha. Mwakani Nagi angeanza shule na watoto wa nyumba hizi kumi na nne. Angetembea nao, angekula nao, au angetembea peke yake.

Jioni akaja Mzee Nukata mwenyewe, mkuu wa nyumba kumi na nne, bingwa wa matikiti misimu mitatu mfululizo, mwenye nyusi kama fagio mbili. Alisimama mlangoni, akasafisha koo, akatoa hotuba.

"Mama Nagi. Mimi ni mkuu wa kundi hili mwaka wa kumi na moja. Ilikuja mvua ya mawe, ubao ukapita. Kikaja kimbunga kikang'oa bati za ghala langu, ubao ukapita. Marehemu mke wangu aliniaga Jumanne asubuhi. Jumanne hiyohiyo jioni, ubao ukapita, tena niliyeupeleka ni mimi. Leo naambiwa umesimama. Nauliza: kwa sababu ya nini?"

"Chura, mzee."

"Chura yupi?"

"Mnene."

"Kila chura ni mnene!"

"Huyu zaidi, mzee. Miguu yake haimtoshi."

Mzee Nukata akafumba macho, akayafumbua. "Binti, kama mtu ana maoni, ayaseme. Hakuna aliyekataza."

"Ayasemee wapi, mzee?"

Akafungua kinywa ajibu. Macho yake yakatelemka kwenye karatasi, yakatua kwenye kisanduku, ambacho tayari kilikuwa na mihuri minane ya majaribio ya nyumba zilizotangulia, mmojawapo wa kwake.

"Pale," akasema, "ni pa kujaribia muhuri." Kisha akasema usiku mwema, akaondoka haraka kuliko umri wake ulivyoruhusu.

Ewe kalamu, binti wa wino, nisaidie sasa nisimulie yaliyobaki! Kwa maana alfajiri ya Jumatano Shino alijifunga aproni kama avaaye deraya, akafuta meza kama asafishaye uwanja wa mapambano, akaketi. Mbele yake kisanduku. Ndani ya kisanduku mihuri minane myekundu, imepangana kama ngome. Alifikiri vitunguu. Alifikiri njia ya shule. Na nje, asiyejua sheria wala saruji, mwenyewe akaimba: kriii.

"Basi, basi, nimekusikia," Shino akamwambia dirishani.

Akashuka na kalamu kama mwewe. Akapenya kati ya muhuri wa Nukata na muhuri wa nyumba ya pili, akakata kona, akabana herufi, akaruka doa la wino, akatokea upande wa pili akiwa mzima. Na maneno aliyoyaacha nyuma yalikuwa haya: *Tafadhali mwongezeni chura daruma wa mtaro wa nyuma. Hawezi kupanda saruji.*

Akapiga muhuri katika chumba chake. Akaubeba ubao hadi kwa Bibi Hirose, akaukabidhi kwa mikono miwili, akarudi nyumbani akajifunika shuka mchana kweupe.

Bibi Hirose alikuwa na haraka. Ubao ulikuwa umechelewa siku mbili na aibu ilikuwa ikimwasha mwilini. Akachovya muhuri, akaujaribu kwenye kisanduku kama alivyofanya miaka sitini, akaupiga mahali pake, akakimbia nyumba ya kumi na moja. Nyumba ya kumi na moja ikajaribu, ikapiga, ikakimbia. Hivyo hivyo ya kumi na mbili, ya kumi na tatu, ya kumi na nne. Hakuna aliyesoma. Mkono ulikwenda wenyewe, kama punda ajuaye njia ya nyumbani.

Ijumaa, katika ofisi ya halmashauri, Bwana Sugaya wa idara ya mazingira, mwenye mkoba mweusi na moyo wa upole, akaufungua ubao wa Shimotani. Akaona maoni. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Maoni yalikuwepo bado, na kuyazunguka pande zote, kama walinzi wa ikulu, mihuri kumi na mitatu. Kitongoji kizima kilikuwa kimesimama! Akatafuta kanuni ya kushughulikia maoni. Haikuwepo, kwa kuwa hayakuwahi kuwepo. Akapanda orofa ya tatu kuuliza, akaambiwa aende mwenyewe. Akaenda.

Jioni ya Jumamosi ukumbi wa kitongoji ukajaa. Viatu vimepangwa mlangoni, chai ya kijani imemiminwa, biskuti za mchele hazijaguswa maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Bwana Sugaya akainama sana.

"Ndugu zangu, nimetumwa kuwashukuru. Miaka ishirini nafanya kazi hii. Sijawahi kuona kitongoji kikimtetea chura kwa sauti moja."

Vikombe vikasimama hewani. Akaiweka karatasi katikati ya meza, na kila mmoja akauona muhuri wake pale, mwekundu, usiokanika. Mtazamo ukazunguka ukumbi mara mbili, ukatua kwa Shino, aliyekuwa amempakata Nagi na kutamani sakafu ifunguke. Sasa mtu angesema nini? Kwamba alipiga muhuri bila kusoma? Mbele ya halmashauri? Mbele ya wenzake, ambao nao hawakusoma?

"Ee," akaanza Bibi Hirose. "Chura wetu."

"Tumehangaika naye sana," akasema wa nyumba ya tano.

"Baba yangu alimpenda mno," akasema wa kumi na mbili, ambaye baba yake aliogopa vyura mpaka kufa.

Lakini Bwana Todoroki, mlezi wa vimulimuli, aliyekuja kutoka mjini kuilinda orodha yake, akapiga kofi mezani. "Jamani, tusitaniane. Chura! Nani atasafiri na mkewe saa tatu kwenye treni aje kuangalia chura? Kimulimuli anawaka. Korongo anaruka. Huyu wenu anafanya nini?"

Hapo ndipo Shino, bila kukusudia, akasikia sauti yake mwenyewe.

"Hafanyi kitu," akasema. "Korongo ana chupa, bwana. Kimulimuli ana wewe. Huyu hana mtu. Kama sheria itamlinda anayependwa tu, mimi naona hiyo si sheria, ni zawadi. Anayependwa atalindwa hata bila karatasi."

Akaona aibu, akaficha uso katika nywele za mtoto. Ndipo akainuka Mzee Nukata. Nyusi zikainuka naye.

"Mmesikia," akanguruma. "Hayo ndiyo *maoni yetu*. Mimi nimekuwa mkuu hapa mwaka wa kumi na moja, na nasema mbele ya chai hii: sisi watu wa Shimotani tuliyatafakari siku mbili nzima. Ndiyo maana ubao ulichelewa. Mtu asidhani ulichelewa kwa uzembe!"

"Asidhani!" ukumbi ukaitikia, na kwa nafuu ile biskuti zikaanza kuliwa.

Bwana Sugaya akafungua mkoba. Nafasi ya kumi ilikuwepo, akasema, sheria inaruhusu. Ila kiumbe anayependekezwa na wananchi lazima aonwe kwa macho na ofisa, mahali pake, na fomu ilikuwa inafungwa Jumatatu saa sita mchana. Asipoonwa, orodha itabaki tisa, na saruji itakuja.

Jumatatu saa nne wakakusanyika wote kando ya mtaro: nyumba kumi na nne, wamechuchumaa mstari mmoja kama jeshi linalovizia, Bwana Sugaya katikati yao na fomu kifuani. Bwana Todoroki naye alikuja, akasimama mbali akitazama saa yake. Kila mtu akatega sikio.

Chura akanyamaza.

Yeye aliyekwaruza miaka sitini, aliyewanyima watu usingizi na kumaliza nta ya Takuma, siku hiyo moja hakutoa hata pumzi. Saa tano ikapita. Bibi Hirose akajaribu kumwigiza ili aitike: "Kriii! Kriii!" Akaitika mbwa wa nyumba ya saba. Mzee Nukata akamwita kwa hotuba. Wa kumi na mbili akaingiza mkono kwenye tope, akatoa soksi.

"Huenda ameogopa watu," Shino akasema.

"Huenda," Bwana Sugaya akajibu kwa upole, na upole ule ulimuumiza zaidi. Ilikuwa saa tano na dakika hamsini. Akaanza kukunja fomu.

Shino akatazama maji. Alitazama ukingo wa udongo, kila jani, kila kivuli. Akamwona mdudu, akamwona konokono, hakumwona yeye. Wenzake walikuwa wakinyoosha magoti, wakiepuka kumtazama, na akajua kwamba kesho watakuwa wameanza kusahau kwamba waliwahi kuwa na chura. Bibi Hirose peke yake alisogea, akamshika kiwiko.

"Tulijaribu, mama Nagi," akasema. "Na mimi nilijaribu. Umeona hata nimelia kama chura."

Andikeni basi, enyi wenye kuandika habari za mataifa. Wekeni kando tarehe za wafalme na mapatano ya amani, mpate nafasi ya siku hii. Andikeni kwamba ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa sita, Shimotani ya Mizukoshi, dakika saba kabla ya saa sita. Andikeni kwamba ofisa wa serikali alikwisha kufunga mkoba na kuinama kuaga. Kwamba mwenye hoteli alikwisha kutabasamu. Kwamba mkuu wa nyumba kumi na nne alikwisha kuvua kofia kama avuaye msibani. Na andikeni, kwa wino usiofutika na herufi kubwa kuliko zote, kwamba katika dakika ile, walipokuwa watu wazima wote wanatazama mbali, Nagi binti Shino, mwenye miaka mitano na goti lenye tope, alinyoosha kidole chini, miguuni pa Bwana Sugaya, akasema kwa sauti:

"Mjomba, amekaa juu ya kiatu chako."